Saa 3:40 ya mashine

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimepakua nyayo za magari yetu yote matatu, Februari nzima. Kila sekunde 30 kifaa kilichomo garini kimeweka alama moja: latitudo, longitudo, saa na kasi. Nilipoziweka kwenye ramani, kenta ya bluu ikatokea Ethiopia! Nusu saa nzima nimehangaika, kumbe wakati wa kuhamisha jedwali nilipoteza alama ya kutoa mbele ya 6.8. Gari la Vingunguti limevuka ikweta na katoni zake za maji bila hata pasi ya kusafiria.

Dosari nyingine naziona tayari. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, kati ya alama na alama kuna zaidi ya mita 300, kwa hiyo kwenye kona mstari unakatiza juu ya mabati ya watu. Kariakoo, katikati ya maghorofa, alama zinarukia mtaa wa pili. Na gari lililosimama halitulii: alama zinazurura palepale kama inzi juu ya embe, na programu inazijumlisha kuwa ni safari.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeaibika.

Bosi alitaka kujua kwa nini maduka ya Kigamboni yanapata maji jua la utosi. Nikamfungulia kumbukumbu: Ijumaa kenta ya bluu ilitoka ghalani 03:40. Sote wawili tukasoma saa tatu na dakika arobaini. Mzee, dereva wake, akaitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Ijumaa ulitoka saa ngapi?"

"Marahaba. Kumi na mbili na nusu ilikuwa imepita."

"Mashine inasema saa tatu na arobaini."

"Mwanangu, saa tatu na arobaini mimi niko foleni ya Feri."

Bosi akasema mashine haina ndugu wala deni, haina sababu ya kusema uongo. Mzee hakubishana. Alitoa mfukoni karatasi ya mzigo, imekunjwa mara nne, ina sahihi ya duka la Ilala: saa 1:30 asubuhi.

Nilirudi mezani nikahisi baridi. Kifaa kinahesabu kwa saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu. 03:40 yake ni 06:40 hapa, nasi saa hiyo tunaiita saa 12:40 asubuhi. Mzee alisema kweli tupu. Saa isiyo ya Kiswahili tuliisoma kwa Kiswahili, na kidogo tu imkate mtu mshahara. Nimemwomba radhi mbele ya utingo wake. Akanijibu, "Yameisha." Bosi hajasema kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Sasa, kama alitoka mapema, saa zinakwenda wapi?

Mzee amekaa nami baada ya kazi, tukapitia kila mahali gari liliposimama zaidi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeandika "imesimama" tu. Yeye anajua: hapa pancha, hapa mwenye duka hajafungua, hapa trafiki alitaka leseni. Chai nayo imo, na aliitaja mwenyewe kabla sijaiona.

Halafu tukafika Magogoni. Alama zimerundikana ufukweni kama kokoto, kisha mstari mmoja ulionyooka unakata maji hadi ng'ambo. Mwaka jana bosi aliniambia niiamuru programu ya kupanga njia ikwepe tozo, nami nikatii. Basi kila siku inaliacha Daraja la Nyerere pale Kurasini na kumpeleka mzee kwenye pantoni. Yenyewe inahesabu kuvuka tu. Kusubiri haikuhesabu hata dakika moja, kana kwamba pantoni linamngoja yeye. Tangu 2016 daraja lipo, na mzee anasema alishatuambia. Alituambia, kweli. Sikuandika.

Jumatano, 13 Machi

Ramadhani imeanza jana. Foleni ya jioni imehamia alasiri, kila mtu anawahi futari. Nyayo za Februari zinanifaa asubuhi tu. Za alasiri nimeziweka pembeni hadi Idi ipite.

Za asubuhi nimezipanga siku 20, kuanzia ya haraka hadi ya taabu. Wastani nimeuacha, maana siku moja ya lori kupinduka Barabara ya Mandela inautibua wote. Ya katikati nayo haitoshi: nikiifuata, nusu ya siku mzee atachelewa, na simu za wenye maduka atazipokea yeye. Ratiba nimeipa muda wa siku ya kumi na sita. Bosi anaona nimewapa madereva muda wa kulala. Tumebishana.

Tozo amekubali, baada ya kuona nimeiweka kando ya gharama ya mafuta ya zile foleni za pantoni.

Jumatatu, 18 Machi

Kenta imetoka 03:20. Duka la kwanza Kigamboni limepokea maji kabla ya saa tatu, saa tatu yetu.

Nimechora safu mbili kwenye daftari, saa ya mashine na saa yetu. Safu ya tatu ni ya sababu, na hiyo anaijaza mzee kwa mkono wake. Mwandiko wake ni taabu. Leo kuna dakika 14 ambazo ameziandikia ama "daraja" ama "daladala". Kesho nitamuuliza.