Ngazi ya Mwamba wa Tororo

Kila tunaporudi shuleni, usiku wa kwanza haulaliki bwenini. Kila mtu ana habari zake. Huyu alikwenda Mombasa kwa mjomba wake, akaogelea baharini na kuingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Yule alikuwa Jinja, akawaona wageni wakishuka maporomoko ya Nile kwa mashua za mpira, wakipiga mayowe kama watoto, na hali wamelipa dola nyingi ili watiwe hofu. Mimi kwa miaka mitano nilikuwa msikilizaji tu. Kwetu ni Kwapa, mpakani, na mtu akiniuliza, "Na wewe je, ulifanya nini?" nilikuwa nikijibu, "Nilipalilia mihogo." Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikupata kumzuia mtu yeyote kulala.

Basi likizo ya Agosti iliyopita niliazimia kuwa na habari yangu. Tena nilipata mwenzangu. Shangazi yangu, anayekaa Nairobi, alimleta mwanawe wa miaka 13 akae na nyanya majuma matatu. Siku ya kurudi kwake alinishika mkono mbele ya watu, akasema, "Mtoto huyu hajui shamba wala mto. Nakukabidhi wewe." Nikamjibu, "Shangazi, usiwe na wasiwasi wowote." Maneno hayo ni mepesi sana kuyatamka.

Usiku ule niliandika katika daftari langu la hesabu mambo matatu ya kufanya, yote ya gharama ndogo: kupanda mwamba wa Tororo, kwenda Kakapel, upande wa Kenya, kwa baiskeli, kutazama picha za kale zilizochorwa mwambani, na kuteremka Majanji kuliona Ziwa Viktoria. Nikamsomea nyanya. Akacheka hata akakohoa. Alisema kwamba alipokuwa msichana alifika Kakapel mara nyingi kutafuta mbuzi waliopotea, wala hakuna aliyemwita shujaa. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Lakini mwamba ule ni wa asubuhi. Jua likifika utosini muwe mmekwisha kushuka. Kuanzia hapo una mwenyewe."

Mwamba wenyewe kila aliyepita Tororo ameuona, maana umesimama peke yake kando ya mji kama jino, na kilele chake ni mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba ni koo la volkano ya kale. Uji wa moto uliganda ndani ya koo lile, na mlima uliokuwa umelizunguka ukaliwa na mvua kwa muda mrefu mno hata koo likabaki tupu. Mwalimu huyo huyo alitufundisha jambo la pili, nami nililiandika daftarini na kulipatia alama nzuri katika mtihani: kwamba katika miaka ya 1967 hadi 1976 ngurumo zilisikika Tororo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, hesabu ambayo ni mji gani duniani unaweza kujivunia? Sababu ni kwamba upepo wenye unyevu hutoka ziwani, jua huupasha moto, nao hupanda juu na kukutana na hewa ya mlima Elgon. Mambo hayo huiva alasiri. Ukitazama vizuri, ndiyo yale yale aliyoyasema nyanya, ila yeye hakuhitaji mtihani.

Tuliondoka alfajiri kwa baiskeli mbili, moja ya kuazima kwa jirani. Mpira wa ile ya kuazima ukatoboka mara mbili njiani. Hata tulipofika chini ya mwamba jua lilikuwa limekwisha kupita utosini. Binamu yangu akasema, "Kaka, nyanya alisema tuwe tumeshuka." Nikamjibu jibu ambalo naona haya kuliandika. Nilisema, "Nyanya hakusoma fizikia."

Palikuwa na mzee akichunga mbuzi wachache pale chini. Alitazama mbingu, akatutazama sisi, akarudi kwa mbuzi wake.

Kupanda si kazi rahisi, lakini si ya kumshinda kijana. Kwanza ni vichaka na mawe, kisha mteremko unakuwa mkali, na mahali ambapo mguu hauna pa kukanyaga pamewekwa ngazi za chuma. Yule mtoto wa mjini niliyeambiwa hajui kitu alipanda kama tumbili. Mimi nilikuwa nyuma nikihema, nikijifanya nasimama kutazama mandhari. Kwa mara ya kwanza maishani nilifahamu kwamba napenda milima ikiwa mbali. Mimi wa kidato cha sita, magoti yalinitetemeka kwenye vidato vya ngazi!

Lakini juu kabisa, ndugu zangu, ni furaha. Kuna upepo na minara ya mawasiliano, na nchi yote imetandazwa chini kama mkeka. Tuliona viwanda vya saruji vikitoa vumbi lake jeupe, vilima vya Sukulu, na reli inayotoka Kenya, ile iliyofika Jinja mwaka 1928. Mashariki ni Kenya, na hakuna mstari wowote uliochorwa ardhini kuonyesha wapi Uganda inakwisha. Nikamwonyesha binamu yangu upande wa kwetu Kwapa. Nikageuka nimwonyeshe Elgon, mlima wa mita 4,321. Haukuwapo. Mahali pake palikuwa na wingu jeusi kama sufuria, nalo lilikuwa likija.

Umeme ukamulika. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, maana nilitaka mtoto aone elimu yangu. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Nilifika kumi na tano ndipo ngurumo ikasikika. "Kilomita tano," nikasema, "tunao wakati." Huo ulikuwa upumbavu. Anayejua hesabu hiyo anajua pia kwamba mtu akisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini amekwisha kuchelewa, wala radi inayofuata hailazimiki kuanguka ilipoanguka ya kwanza. Mara ya pili nilifika tisa. Mara ya tatu sikuhesabu. Minara ilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na nikaona vinyweleo vya mkono wangu vimesimama vyote.

Nitasema kweli, kwa kuwa gazeti letu husomwa hata na waliotoka shule hii zamani. Nilikimbia. Sikusema "Twende," wala sikumshika mtoto mkono. Niliteremka ile ngazi ya kwanza mbio, mikono ikiteleza kwa mvua, na kichwani sikuwa na jambo lolote ila chuma na moto. Nilipokanyaga jiwe chini ya ngazi ndipo nikakumbuka kwamba hakuna nyayo nyuma yangu.

Alikuwa katikati ya ngazi. Ameikumbatia kwa mikono miwili, macho ameyafumba, hasogei juu wala chini. Nikamwita. Hakusikia, au alisikia asiweze. Kuna habari ambayo mwalimu wa fizikia hutusimulia kila mwaka, ya wanafunzi 18 na mwalimu wao waliouawa na radi shuleni kwao huko Kiryandongo mwaka 2011. Habari hiyo yote ilinijia pale, pamoja na mkono wa shangazi juu ya mkono wangu. Sijui nilisimama muda gani. Natumaini ulikuwa mfupi, lakini sitaapa.

Kisha nikapanda tena. Nilipomfikia nilishika kisigino chake, nikakivuta nikakiweka juu ya kidato cha chini yake. Nikashika cha pili. Hivyo hivyo, mguu mmoja baada ya mwingine, hata akakanyaga jiwe. Hatukuendelea kushuka, maana mbele yetu kulikuwa na ngazi nyingine. Tulijitenga na chuma tukaingia mahali palipobonyea, mbali na mti uliokuwapo, tukachutama miguu ikiwa pamoja na vichwa chini, kama tulivyofundishwa, tukiwa tumeachana kidogo ili radi ikipiga isituchukue wote. Hilo la kuachana ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mtoto alitaka kunishika, nami nilikuwa nikimwambia, "Kaa hapo hapo."

Radi ilipiga juu, penye minara. Sikuiona. Niliona weupe tu, na masikio yakaziba kama mtu aliyepiga mbizi. Baada ya hapo mvua ilinyesha kwa ghadhabu, kisha wingu likaenda zake kuelekea Busia, na jua likatoka kana kwamba hakuna lililotokea. Tulingoja hata ngurumo zikanyamaza kabisa. Yule mzee wa mbuzi hakuwapo tena.

Njiani binamu yangu hakusema neno. Tulipokaribia nyumbani alisimamisha baiskeli, akanitazama, akasema, "Uliondoka." Neno moja tu.

Nyanya nilimwambia kwamba tumenyeshewa. Alitazama magoti ya mtoto yaliyochubuka, akatazama uso wangu, akatupakulia majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga pamoja na atapa, yaani ugali wetu wa wimbi na muhogo. Hakuuliza swali hata moja, na kwa wanaomjua nyanya hiyo si dalili njema.

Juma zima lilipita nikipalilia mihogo. Mwishowe nikamwuliza binamu yangu kama bado anataka Kakapel. Akafikiri. "Nitakwenda," akasema, "lakini mimi nitakuwa mbele, na kuhesabu nitahesabu mimi." Nikakubali, kwani ningesema nini?

Tuliondoka jogoo wa kwanza. Pale Malaba tulipita kituoni kama watu wote, Mganda na Mkenya waliotoka chungu kimoja. Mwaka 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na hivyo sisi Iteso tukawa wa pande mbili. Watu wa mpakani hawakusumbuka sana. Walifanya biashara ya kuvushana. Hata neno bodaboda lilizaliwa huku, kule Busia, wenye baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wa kuvuka kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Siku hizi neno hilo limefika kila mahali, na sisi wenyewe hatukupata hata shilingi ya kodi.

Kakapel ni mwamba mkubwa ulioinama kama dari, na ukutani mwake kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: maumbo yasiyojulikana maana yake, na juu ya hayo ng'ombe waliochorwa baadaye na watu wengine. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2024 wataalamu walitangaza mambo waliyoyapata katika udongo wa pale walipochimba. Walipata kunde iliyoungua, yenye umri wa miaka 2,300 hivi, ambayo ni katika mazao ya kulimwa ya kale kabisa yaliyopatikana Afrika Mashariki. Na wimbi pia, wa zaidi ya miaka elfu. Nikamweleza binamu yangu. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mwamba. "Kunde na wimbi!" akasema. "Basi walikuwa wakila kwa nyanya."

Tulikuwa hatujamaliza kutazama nusu ya picha wakati umeme ulipomulika mbali, upande wa Elgon. Sisi wawili tukanyamaza. Akahesabu yeye, polepole, kwa vidole. Alipofika ishirini na nane ngurumo ikaja. Nilitamani kusema kwamba ni mbali, kwamba baiskeli zina mbio, kwamba sitapata nafasi nyingine ya kuja. Akasema, "Kaka, tuingie nyumba ya watu." Tukaenda mbio hadi kwenye nyumba ya bati iliyokuwa karibu, tukabisha hodi, na mama mwenye nyumba akatupokea na kutuwekea viti. Tulikaa kwake karibu saa mbili tukimmenyea karanga. Ng'ombe waliobaki ukutani sijawaona hadi leo.

Majanji hatukwenda. Fedha zilikwisha kwa kuziba mipira.

Siku ya mwisho shangazi alipiga simu kupanga safari ya mtoto. Nyanya aliipokea, wakasalimiana, kisha akaninyoshea simu. "Mwambie mwenyewe," akasema. Ndivyo nilivyojua kwamba alijua yote, ijapokuwa mtoto anaapa hakumwambia. Nikamweleza shangazi: mchana, wingu, minara, ngazi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, "Mlipokuwa mkishuka, ulimtangulia au ulikuwa nyuma yake?"

"Nilimtangulia, shangazi," nikasema. "Kisha nikarudi."

Simu ikawa kimya hata nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Nipe mtoto."

Nikampa, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe. Sauti ya binamu yangu niliisikia ndani kwa muda mrefu, ila maneno sikuyapata. Alipotoka alikuwa ameshika bakuli, anatafuna.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema Desemba nije na mdogo wangu," akajibu. "Lakini daftari la safari nitaandika mimi."