Munkoyo ya siku ya pili

Sisi wenye kupenda munkoyo ya ukali tuko wachache hapa Kamalondo. Wengi wanataka ile tamu ya asubuhi, yenye kutoka katika frigo. Sisi tunaulizia ya jana, na watu wanatucheka: «Balimu bale banakunywa ile bengine banamwanga!»

Huko Ufaransa, wapenzi wa divai isiyo na utamu wanazunguka kwa wakulima wa mizabibu, wanaonja. Kwetu hakuna mizabibu. Kuna malupango ya wamama. Jumamosi moja tulikamata njia, watu wanne, tukianzia hapa kwetu, mtaa ambao Wabelgiji waliuita Cité Albert, tukapita komini ya Kenya, tukafika Katuba.

Lupango ya kwanza, utamu tu. Ya pili vilevile, na mfuko wa sukari uko wazi kando ya ndoo. Tuyapite hayo.

Katuba njo kwenye tulikaa. Mama mmoja mzee alikuwa anatwanga mizizi ya munkoyo. Uji wake mwepesi wa unga wa mahindi ulikuwa umeiva; aliuacha upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo akatia mizizi. «Kama iko moto sana, muzizi unakufa», alituambia. Mama hakusoma kemia, lakini ni kweli: ndani ya mzizi muna vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, na moto mkali unaviharibu. Kisha saa chache uji unakuwa majimaji, mtamu, bila mtu kutia kitu. Kesho yake vijidudu vya kuchachusha vinakula ule utamu, povu linapanda, ukali unafika. Ile ya sukari ya duka nayo inachachuka, hatukatai, lakini kwa ulimi wetu harufu ya mzizi haipo tena.

Tukaomba ya jana.

«Sina. Nilimwanga. Nani ataiuza?»

Mizizi, alisema, sasa inatoka mbali, sababu pori la karibu na mji limekatwa kwa makala. Binti yake anatumia mizizi kidogo na sukari nyingi, na ndoo yake inaisha mbele ya saa sita. Mama hakumlaumu. «Eko na batoto ba kusomesha.»

Hapo sisi tuliona haya. Tunajisifu ukali, na kumbe tunanunua kopo moja kwa mwezi, tena ya jana mara nyingi tunapewa bure! Tukamwomba atuwekee bidoni ya litre tano kila Ijumaa.

«Mulipe mbele», akasema. Tukalipa.

Jumamosi iliyofuata kifuniko kiliruka tulipokigusa. Mmoja wetu alifunga jicho kwa ukali wake. Binti alikuja, akaomba kopo, akaonja, akakunja uso, akarudi kwenye ndoo yake.