Wingu Lisilo la Mvua

Hapa Lumemo wingu ni habari. Likitanda juu ya milima ya Udzungwa mwezi wa nne, mwenye mpunga bondeni huanza kuhesabu siku, na aliyejenga karibu na mto huinua magunia yake. Kwa hiyo sikushangaa baba mdogo aliponiuliza, simu ameishika mbali na macho, "Mwanangu, hili wingu lililochorwa hapa ni la utabiri wa mvua?"

Halikuwa la utabiri. Hadi wiki iliyotangulia, mahali hapo palikuwa na neno Hifadhi.

Baba mdogo ni mtunzi wa tarbia tangu ujana wake. Nilikuwa nimemwekea simuni programu ya kuandikia, naye akaizoea upesi kwa kuwa ilisema naye kwa maneno: Andika, Nakili, Hifadhi, Futa. Tena iliruhusu mshororo ugawanywe katika safu mbili, ukwapi kushoto na utao kulia, mizani nane kwa nane. Anayeandika hivyo anajua faida yake. Jicho hushuka na safu, vina vikapangana chini kwa chini, na kina kilichoteleza huonekana kabla sikio halijakidai.

Usiku mmoja toleo jipya likajipakua lenyewe, na ujumbe wa furaha kwamba mwonekano umeboreshwa. Rangi zimepoa, pembe zimeviringwa, nafasi nyeupe imetanda kila upande. Safu mbili hazipo. Herufi zimenenepa hata mshororo wa mizani kumi na sita hauenei katika mstari mmoja. Utao huanguka chini, na ubeti wa mishororo minne ukasomeka kama wa minane. Yale maneno manne nayo yameondolewa, badala yake kuna michoro: wingu, pipa la taka, miraba miwili iliyopandana, na vitone vitatu ambavyo hata mimi sikujua vinaficha nini.

Pipa lile yeye aliliona ndoo. Ndoo hutunza maji, basi itatunza na shairi. Akaligusa. Beti kumi na moja zikaenda.

Hatuwezi, sisi watunzi, kuulaumu urembo kwa kuwa ni urembo. Vina ni nini kama si pambo? Ila kina kina kazi: humkumbusha mghani neno lijalo. Wingu lile halimkumbushi mtu chochote.

Linaloniuma zaidi ni haya maneno. Watu walitoka jasho kuyapata. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na kila amri ndani yake ilidai mtu akae atafute neno linalofaa. Leo amri hiyo hufutwa kwa mchoro mmoja, nasi tunaambiwa kwamba mchoro hauna lugha. Unayo, ila si yetu. Linganisha na menyu ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008: mistari mikavu ya maneno yenye namba, haina pambo lolote, hufanya kazi hata kwenye kitochi. Baba mdogo hutuma fedha humo bila kumwita mtu.

Nilijaribu kulirudisha toleo la zamani, halikukubali. Sasa jioni yeye hughani nami naandika katika daftari la mistari, katikati ya ukurasa nimepiga msitari kwa rula. Beti tisa zimerudi. Wa sita na wa saba bado. Juzi alinipa ubeti mzuri sana, vina vyote vimetulia, nikauandika haraka nikidhani ndio wa sita. Aliusikiliza nikimsomea, akatikisa kichwa.

"Ufute. Huu nimeutunga sasa hivi."