Daftari la Vipimo



Daftari langu la vipimo lilirowa maji wiki yenye harusi mbili. Bibi harusi mmoja keshaanza kusingwa, ikabidi nimfuate ndani na futi yangu nimpime upya. Aibu gani!

Binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa huku likizo. "Mamdogo, nitakuandikia programu." Kajifunza Dar es Salaam, klabu ya Apps and Girls, walioanza 2013 kuwafundisha wasichana wa shule. Sasa kifua, kiuno, urefu wa mkono, vyote vimo kwenye simu.

Na mimi ndiye niliyemshauri mamake amtoe klabu, aje nimfundishe kushona. Sindano imenilisha, alhamdulillah, nikadhani itamtosha na yeye. Nimemwomba radhi. Kesho anarudi Dar, nauli ya boti natoa mimi.