Barua za Kuvuka Lualaba

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa miaka ya 1990 alikuwa na kitabu kimoja, na hakikutoka mkononi mwake. Aliingia darasani, akajaza tablo kutoka kona ya juu hadi chini kabisa, akafuta, akajaza tena. Sisi kazi yetu ilikuwa kunakili. Mwenye hati nzuri ndiye aliyehesabiwa kuwa anajua Kiingereza. Jirani yangu wa dawati alikuwa na kaye safi kuliko zote, vitenzi vimepangwa kwa safu tatu na kupigiwa mistari kwa biki nyekundu. Ukimwomba asome sentensi moja ya humo, anakutazama kama mtu aliyedaiwa deni la marehemu baba yake.

Simlaumu mwalimu. Mshahara wa Zaire ya siku zile haukufika, au ulifika hauna thamani, na wazazi ndio waliochanga ile pesa tuliyoiita prime ili shule zisifungwe. Mtu aliyetoka shambani kwake kwenye mpunga alfajiri hakuwa na nguvu za kusahihisha insha za watoto sitini. Kwa hiyo insha hazikuandikwa.

Na Kiingereza chenyewe kilitukuta tumechoka. Nyumbani wengine walisema Kirega, wengine Kikusu au Kisongola, mtaani Kiswahili, shuleni Kifaransa, ndipo sekondari ikaja lugha hii nyingine. Niseme jambo ambalo wakaguzi hawapendi kulisikia: tulipewa lugha mpya kabla hatujasoma sawasawa ile iliyotangulia. Kiswahili chetu, kilichoingia Maniema na misafara ya akina Tippu Tip kupitia Nyangwe na Kasongo, tulikisema tangu kuamka hadi kulala, lakini wengi wetu tulikisoma kanisani tu, kwenye kitabu cha nyimbo.

Kiingereza cha kwanza nilichoandika bila kunakili kilitoka redioni. Sauti ya Amerika walikuwa na matangazo maalumu kwa wanaojifunza, yaliyoanza mwaka 1959: msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, msomaji anakwenda polepole. Mjomba alikuwa na redio ya masafa mafupi na alilinda betri zake kwa ukali, lakini habari za jioni alituachia. Tuliandika tulichosikia, kisha tukabishana. Tuliandika ovyo, ila kila neno tulikuwa tumelitafuta wenyewe.

Vita vikaja. Mji wetu wa Kindu ukaangukia mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998, reli ya kwenda Kabalo na kusini ikanyamaza, chumvi na sabuni zikawa zinafika kwa ndege au mgongoni mwa baiskeli. Baadaye wakaja askari wa MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Wale waliotoka Uruguay walisema Kihispania chao, lakini karatasi zilizobandikwa langoni zilitaka Kiingereza, na langoni ndipo kazi zilipokuwa. Sijawahi kuona lugha ikipendwa ghafla namna ile. Watu waliokikimbia Kiingereza shuleni walianza kukitafuta hadi kwa wanafunzi wao wa zamani. Kulikuwa na bwana mmoja mjini aliyejua kuandika barua ya kuomba kazi. Aliiandikia karibu mitaa yote ya Kasuku na Mikelenge, barua ileile, akibadilisha jina tu. Waliopokea barua zile bila shaka walishangaa jinsi mji mzima ulivyolelewa na wazazi walewale.

Wakati huo ndipo vilabu vya Kiingereza vilipoota. Jumamosi alasiri, viti vya plastiki, mada ya mjadala, na faini kwa atakayeteleza akasema Kiswahili. Navisifu vilabu hivyo, vilifungua vinywa vya vijana wengi. Lakini katibu wa klabu yetu aliandika kumbukumbu za mkutano kwa Kifaransa, na hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tumepata watu wanaohutubia kwa dakika kumi wasioweza kuandika nusu ukurasa.

Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, ISP ya Bukavu, kwenye idara inayoitwa Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika. Huko nilisoma Achebe na Ngũgĩ kwa fotokopi zilizofifia. Niliporudi Kindu kufundisha, kitu kilichonisaidia zaidi ya vyote nilivyofundishwa kilikuwa kitabu cha Kiswahili. Mfanyabiashara mmoja alitoka Kigoma, akavuka ziwa hadi Kalemie, akapanda treni, na katika mizigo yake mlikuwa na Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya riwaya ya Achebe aliyoifanya Clement Ndulute mwaka 1973. Nikawa nawasomea darasa sura kwa Kiswahili, kwa sauti, bila swali lolote. Kesho yake nawapa kurasa mbili za Kiingereza za sura hiyohiyo. Hawakuwa tena wanapapasa neno moja moja. Walijua Okonkwo amekasirika kwa nini, wakawa wanatafuta mahali palipoandikwa hivyo. Mkaguzi aliuliza Kiswahili kinafanya nini katika somo la Kiingereza. Nilimkaribisha akae asikilize, akakaa mpaka kengele.

Kuandika kulikuwa kugumu zaidi. Insha ya mwanafunzi ilisomwa na mtu mmoja, mimi, na mimi nilikuwa natafuta makosa. Nikazungumza na mwenzangu anayefundisha Alunguli, ng'ambo ya mto, tukakubaliana wanafunzi wetu waandikiane. Barua zilivuka Lualaba kwa mtumbwi, ndani ya mfuko wa plastiki. Sharti lilikuwa moja: walimu hatugusi kalamu. Anayepokea ndiye anayepiga mstari chini ya asichoelewa, na kuuliza.

Barua za kwanza zilifanana zote, salamu ndefu na kumtakia mwenzako afya njema. Za pili zikaanza kuwa na watu ndani. Msichana mmoja aliuliza ng'ambo wanakula wali na nini samaki wakipungua. Akajibiwa sombe, yaani majani ya muhogo, na jinsi mama yake mwandishi anavyoitwanga. Kuna mvulana aliyeeleza safari ya mjomba wake na mbuzi ndani ya mtumbwi, ukurasa mzima, bila nukta hata moja. Jibu lilikuja na mistari mitatu ya wino chini ya maneno yake, na swali: aliyeanguka majini ni nani, mjomba au mbuzi? Darasa lilicheka hadi prefe, mkuu wetu wa shule, akatoka ofisini. Mvulana hakucheka. Aliketi akaandika upya, sentensi fupi fupi, mjomba hapa, mbuzi pale, kila mmoja na nukta yake. Miaka yote niliyozungumzia nukta ubaoni, sikuwahi kumwona akiitumia.

Siku hizi mambo yamebadilika tena. Simu imewapa wanafunzi vitu vya kusoma ambavyo sisi hatukuota. Na tangu nchi yetu itie saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, wafanyabiashara wananiletea karatasi za bandari ya Dar es Salaam niwasomee, wengine wanataka watoto wao wazisome wenyewe. Lakini Exetat haijasogea. Kiingereza cha mtihani huo wa taifa bado ni kifungu cha kusoma na majibu ya kuchagua. Mwanafunzi anaweza kupita, akapakwa poda nyeupe na kubebwa barabarani na ndugu zake, bila kuwa ameandika sentensi moja ya Kiingereza iliyo yake.

Mzazi mmoja alinifuata hadi nyumbani kuhusu hilo.

"Mwalimu, hii mambo ya barua inatoka ku Exetat?"

"Hapana, baba. Haitoki."

"Sasa mbona mtoto anamaliza moto wa tochi yangu usiku?"

Tulizungumza mpaka giza likaingia. Mwaka uliofuata wanafunzi wa mwaka wa sita niliwaachia barua moja tu kwa muhula, muda uliobaki wakajizoeza maswali ya kuchagua. Za mwaka wa tatu na wa nne nikaziongeza.