Kupasuliwa kwa Ajili ya Unene: Njia Ipi Yafaa?

Zamani katika vijiji vyetu mtu mnene alisifiwa. Tulipokutana naye njiani tulimwambia, "Umenawiri," naye alishukuru, maana wembamba ulikuwa dalili ya njaa au ya ugonjwa. Siku hizi mambo yamegeuka. Kisukari na shinikizo la damu vimeingia hata katika nyumba za wakulima, na matabibu wametufundisha kwamba unene uliopita kiasi ni ugonjwa, wala si jambo la kusifiwa wala la kuchekwa. Tena habari zimetufikia kwamba mtu aweza kupasuliwa tumbo ili apungue. Kwa kuwa sisi walimu huletewa karatasi za hospitali ili tuwasomee wenzetu, tumeulizwa mara nyingi: Je, njia hizo ni ngapi, na iliyo bora ni ipi? Twaona yafaa tujibu hapa kwa wote pamoja.

Kwanza na ieleweke ni nani apasuliwaye. Matabibu hutumia kipimo hiki: huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 102 hupata karibu 40. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walisema kwamba apasuliwe mwenye 40, au mwenye 35 ikiwa ana ugonjwa uletwao na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha hesabu hiyo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye kisukari na mfano wake. Basi jambo hili si la mtu atakaye tu gauni lake limkae vizuri.

Wako wasemao, "Huyo ni mlafi, na afunge kinywa chake." Neno hili ni jepesi kulisema, lakini halina haki. Mtu mnene akijinyima chakula akapungua, mwili wake hupigana naye: humwongezea njaa, tena hutumia nguvu kidogo kuliko kwanza, hata uzito ukarudi. Kupasuliwa hakupunguzi nafasi ya chakula tu, bali hubadili na zile habari za njaa na shibe ambazo tumbo hupeleka kichwani. Huko Sweden, tangu mwaka 1987, wataalamu waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000, wengine wamepasuliwa na wengine hawakupasuliwa. Mwaka 2007 walitangaza kwamba vifo vilikuwa vichache kwa wale waliopasuliwa. Kwa hiyo tusidhani kwamba hii ni kazi ya urembo.

Sasa tuzitaje njia zenyewe. Ziko nyingi, walakini tatu ndizo zilizotajwa zaidi.

Ya kwanza ni pete. Mpasuaji huzungusha pete laini sehemu ya juu ya tumbo la chakula, nayo huunganishwa kwa mrija na kikopo kidogo chini ya ngozi. Tabibu akitia maji kwa sindano, pete hukaza, akiyatoa, hulegea. Hakuna kinachokatwa, na pete yaweza kuondolewa. Kwa ajili hiyo wengi waliipenda miaka ya 2000. Lakini wengi walirudi hospitali kuiondoa, kwa kuwa ilihama mahali pake, au kwa kuwa hawakupungua kama walivyotumaini. Leo wapasuaji wengi wameiacha.

Ya pili twaweza kuiita mkono wa kanzu. Tumbo la chakula hukatwa kwa urefu wake, na karibu sehemu nne katika tano hutolewa nje. Iliyobaki ni nyembamba kama mkono wa kanzu, na ukingo wake hubanwa kwa pini ndogo za madini. Njia ya chakula haibadiliki, ila chombo ni kidogo, na njaa yenyewe hupungua. Hii ndiyo ifanywayo zaidi duniani siku hizi. Lakini kilichotolewa hakirudi tena, na wengine huanza kusumbuliwa na kiungulia.

Ya tatu ni kupitisha chakula kando. Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito waliianza huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, na wengine wameitengeneza zaidi tangu hapo. Mpasuaji hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kadiri ya yai la kuku. Kisha huukata utumbo mwembamba, akauinua upande wa chini, akauunga na kile kifuko. Mfano wake ni barabara mpya ipitayo kando ya mji. Mji haukubomolewa, ungali pale pale. Lakini magari hayapiti tena, na bidhaa zilizokuwa zikishushwa katika soko lake hazishushwi. Ndivyo ilivyo kwa chuma, kalsiamu na vitamini B12: mwili hupata kidogo mno, na mtu hana budi kuvimeza kwa vidonge maisha yake yote. Faida yake ni kwamba kisukari mara nyingi hupungua upesi, hata kabla uzito haujashuka sana, na kiungulia hutulia. Tena mtu akila vitu vitamu aweza kutokwa na jasho, moyo ukaenda mbio, na tumbo likamwendesha.

Je, katika hizi mbili za mwisho, ipi ishindayo? Huko Finland watu 240 waligawanywa, wengine wakafanyiwa hii na wengine ile. Habari za baada ya miaka 10 zilitangazwa mwaka 2022. Wenye mkono wa kanzu walikuwa wamepoteza karibu 44 katika kila sehemu 100 za uzito wao uliozidi. Waliopitishiwa kando, karibu 52. Lakini walipochunguzwa umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni, vidonda na wekundu vilionekana kwa 31 katika kila 100 wa mkono wa kanzu, na kwa 7 tu katika kila 100 wa wale wengine. Tazama basi: katika uzito tofauti si kubwa sana, lakini katika kiungulia ni kubwa.

Kwa hiyo twasema kwamba swali, "Ipi ipunguzayo zaidi?" silo la kwanza. Swali la kwanza ni hili: "Ni mzigo upi niwezao kuubeba mpaka mwisho wa maisha yangu?" Bwana wetu alitufundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mwenye kutaka kupasuliwa naye na aketi, ajiulize mambo haya mbele ya daktari wake.

Je, nina kiungulia kikali? Kama ndivyo, mkono wa kanzu waweza kukizidisha. Je, nina kisukari kizito? Kupitisha kando mara nyingi hukisaidia zaidi. Je, natumia kila siku dawa za maumivu kama diklofenaki, au navuta tumbaku? Vitu hivyo vyaweza kuleta vidonda vibaya kwa aliyepitishiwa kando. Je, nakaa mbali na hospitali, na vidonge nitavipata wapi kila mwezi? Maana hata mwenye mkono wa kanzu ahitaji vitamini na kupimwa damu, lakini aliyepitishiwa kando akiviacha hudhurika zaidi. Na mwanamke atakaye kuzaa ajue kwamba hushauriwa kungoja mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla ya kuchukua mimba.

Jamaa yetu mmoja, mama mkulima, aliletewa shauri hili. Alikuwa na kisukari kilichotulizwa kwa vidonge, na magoti yaliyomwuma hata hakuweza kulala bila dawa. Jirani yake wa mjini alikuwa amepitishiwa kando, akapungua sana, na yeye alitaka vivyo hivyo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tuliketi pamoja naye, mumewe na mwanawe mkubwa, tukaisoma karatasi ya daktari neno kwa neno. Mumewe aliuliza kama si dhambi kukata kiungo alichokiumba Mungu. Tulimjibu kwamba mguu uliooza hukatwa ili mtu apone, wala hakuna amlaumuye mpasuaji. Kisha tukahesabu: nauli ya basi, vidonge, vipimo vya damu, na zile dawa za magoti ambazo hakuona namna ya kuziacha. Kiungulia hakuwa nacho. Yeye mwenyewe alisema, "Ya jirani yangu ni njema, lakini mimi sitaweza kuitunza." Daktari alikubali, naye akafanyiwa mkono wa kanzu.

Alipungua, na vidonge vya kisukari vikapunguzwa. Mwaka wa pili kiungulia kilimwanza, na sasa humeza dawa yake kila asubuhi. Lakini halalamiki, maana aliambiwa mapema kwamba yaweza kutokea, akachagua akijua. Hilo twaona ni jambo kubwa. Mtu aliyechagua akijua huvumilia. Aliyedanganywa kwamba hakuna taabu hukata tamaa siku ya kwanza ya taabu.

Wengine hutuuliza kama hakuna njia isiyo na kisu. Liko puto liwekwalo tumboni kwa miezi kadhaa kisha likatolewa. Na ziko sindano, kama semaglutide, iliyokubaliwa Marekani kwa kupunguza unene mwaka 2021. Zinasaidia, lakini puto likisha kutolewa au sindano zikiachwa, mara nyingi uzito mwingi hurudi. Hayo nayo ni ya kumwuliza daktari. Kupasuliwa nako si salama kabisa: ingawa ni wachache wafao, damu yaweza kuvuja, au mshono ukafumuka.

Limebaki neno moja kwetu sisi tuwazungukao wagonjwa hawa. Aliyepasuliwa hula vijiko vichache tu, polepole, akianza na mayai, maharage au dagaa kabla ya ugali, wala hanywi maji katikati ya chakula. Akija arusini au matangani akaacha sehemu kubwa ya chakula, tusimwambie kwamba ametudharau. Tusimlazimishe kula, wala tusiseme kwamba amerogwa au ana ugonjwa wa aibu kwa sababu amekonda. Na yule ambaye hakupasuliwa, akaendelea na mwili wake mnene, tusimfanyie mzaha kanisani wala sokoni. Wengi huikimbilia njia isiyowafaa kwa kuogopa vinywa vyetu kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa shauri hili usitazame mwili wa jirani, wala usichague kwa haraka. Nenda na mtu wa nyumbani mwako, mwulize daktari yote, uandike majibu yake, na kuhesabu mpaka mwaka wa 20, si mpaka mwezi wa sita tu. Ile utakayoweza kuitunza, pamoja na taabu yake, ndiyo iliyo bora kwako. Mungu akupe akili ya kuchagua na saburi ya kuendelea.