Posa Mbili, Harusi Moja

Overland Park, Kansas

Dada yangu mpendwa,

Natumai maji yamerudi huko Umoja. Huku baridi inatuuma hadi kwenye meno.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa ndani ya gari, saa tano usiku, nikingoja zamu ianze. Ulianza na bei ya unga, ukapitia harusi ya binti wa jirani, ukanisimulia mgogoro wa chama, kisha mwisho kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka kitu akiwa mlangoni, ukauliza: hii laini ya Baba ya Telkom, niitupe? Hakuna anayeipigia tena, na inakukalia nafasi ya pili kwenye simu.

Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Jibu lake ni refu, na sehemu yake moja iko huku ninakoishi.

Nikienda kazini napita kando ya majengo ya matofali mekundu yaliyosambaa kama mtaa mzima. Ni mengi kiasi kwamba yalipewa namba yao ya posta, 66251. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya kampuni ya simu ya Sprint, iliyoanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa Abilene, hapahapa Kansas, nguzo na nyaya kama zile alizokuwa akizipanda Baba. Leo majengo yana mwenye mwingine na jina lingine. Hata ule ukumbi mkubwa wa michezo wa Kansas City ulioitwa Sprint Center uliamka siku moja Julai 2020 ukiitwa T-Mobile Center. Hivyo ndivyo wenyeji walivyojua kwamba bibi harusi, Sprint, amehamia kwa mume, T-Mobile.

Sprint ilikuwa imeugua muda mrefu. Mwaka 2005 ilijitwalia kampuni ya Nextel kwa takriban dola bilioni 35, ikagundua kwamba mitambo ya huyu na ya yule haisikilizani, na kufikia 2008 ikakiri vitabuni kwamba karibu dola bilioni 30 za thamani hiyo zimeyeyuka. Mwaka 2013 SoftBank ya Japani ikaingia kuiokoa. Haikuokoka. Ila ilikuwa na mahari moja ambayo kila mtu aliitamani: masafa mengi ya redio yanayofaa kwa mtandao wa 5G.

Sasa msikilize bwana harusi. T-Mobile yenyewe, mwaka 2011, ndiyo iliyokuwa hoi, na AT&T ikataka kuimeza kwa dola bilioni 39. Serikali ikaenda mahakamani kupinga, posa ikavunjika, na AT&T ikalazimika kulipa fidia: dola bilioni 3 taslimu, na masafa juu yake. Yule aliyeachwa mbele ya kanisa akaondoka na kibunda. Mwaka 2013 akarudi sokoni na njaa ya ajabu, akafuta mikataba ya miaka miwili iliyokuwa imewafunga watu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofungwa, na kampuni ambayo jina lake naliacha. Nilipotaka kuondoka nikaambiwa nilipe faini inayotosha kodi ya nyumba yenu miezi kadhaa. Ndiyo maana njaa ya T-Mobile niliifurahia kama sikukuu.

Tarehe 29 Aprili 2018 T-Mobile iliyokuwa inakua na Sprint iliyokuwa inadhoofika zikatangaza uchumba wa dola bilioni 26. Majimbo kadhaa, yakiongozwa na New York na California, yakashtaki: kampuni nne zikibaki tatu, mteja ataumia. Februari 2020 Jaji Victor Marrero akayakatalia. Harusi ikafungwa tarehe 1 Aprili 2020, Siku ya Wajinga, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya Korona.

Na wewe unakumbuka nini kilikuwa kikiendelea huko nyumbani Kenya miaka hiyohiyo. Tarehe 8 Februari 2019 Airtel na Telkom zilitangaza kwamba zitaungana ziitwe Airtel-Telkom. Nilikupigia siku ile nikakuuliza watu wa mtaa wanasemaje. Ukacheka: "Wanasema nini? Wanauliza kama M-Pesa itakuwa sawa."

Nimecheka na jibu lile miaka yote hii, na sasa naona ndilo lilikuwa jibu lenye akili kuliko yote yaliyoandikwa magazetini.

Airtel tumeiona sote ikikua kwa kubadilishwa majina. Ule ukuta wa duka karibu na Mutindwa ulipakwa rangi ya Kencell, ikaja ya Celtel, ikaja ya Zain mwaka 2008, ikaja ya Airtel mwisho wa 2010, na hadi leo haujapigwa plasta. Wakati wa Kencell kuwa Celtel, mwaka 2004, marehemu Naushad Merali, mbia wa Kencell, alitumia haki yake ya kununua kwanza, akachukua hisa za Wafaransa wa Vivendi kwa dola milioni 230 na kuziuza kwa Celtel kwa milioni 250, kwa muda mfupi kuliko safari ya matatu ya 58 kutoka Buruburu hadi mjini saa ya jioni. Baba alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa hasira na heshima kwa pamoja.

Lakini Telkom ndiyo ilikuwa ya Baba. Unajua alivyokuwa. Fundi wa laini wa lile shirika la posta na simu, tangu 1977 lilipoanza baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na alikuwa amestaafu lilipogawanywa mwaka 1999 na Telkom kuzaliwa. Pale mtaani Jericho tulimwona anarudi na mikanda yake ya kupandia nguzo, naye akikuta foleni kwenye kibanda cha simu anasimama kwanza kusikiliza kama simu inalia sawasawa. Na kila kijana aliyeisifia Safaricom mbele yake aliambiwa jambo lilelile: "Huyo ni mtoto wa Telkom."

Alikuwa sahihi, na ni jambo ambalo wengi huko mtaani hawalijui. Safaricom ilianza kama idara ya simu za mkononi ndani ya shirika hilo la Baba, ikafanywa kampuni mwaka 1997, Vodafone ikaingia mwaka 2000 ikachukua asilimia 40. Asilimia 60 zilibaki kwa Telkom. Kisha mwaka 2007, kabla ya Wafaransa wa France Telecom kununua asilimia 51 ya Telkom kwa dola milioni 390, hisa hizo zikahamishiwa Hazina ya Taifa. Mama akanyang'anywa mtoto, ndipo akatafutiwa mume. Mwaka uliofuata serikali ikauza robo ya Safaricom kwa umma, shilingi 5 kila hisa, kima cha chini hisa 2,000. Baba akakopa kwenye chama akajaza fomu. Alipewa sehemu ndogo ya alizoomba, kama wengine wote, na akazishika hadi kufa kwake. Hisa za Safaricom mfukoni, laini ya Telkom kwenye simu.

Wafaransa waliipaka Telkom rangi ya Orange, wakachoka, wakauza hisa zao kwa kampuni ya uwekezaji ya Helios mwaka 2016. Mwaka 2017 ikarudi kuitwa Telkom. Mwaka 2018 minara yake zaidi ya 700 iliuzwa kwa American Tower, ikawa mpangaji kwenye nguzo zilizokuwa zake. Hebu fikiria Baba akisikia hilo. Mtu anayeuza jembe ili anunue mbegu.

Kwa hiyo posa ya 2019 ilikuwa ya kampuni inayopanda na kampuni inayoshuka, kama huku kwetu. Safaricom, yenye zaidi ya asilimia 60 ya wateja wote, ilipinga ikidai madeni yake yalipwe kwanza. Wafanyakazi 575 wa Telkom wakaarifiwa kwamba nafasi zao zingeondoka. Kisha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ikasimamisha mambo ichunguze jinsi mali ya umma ilivyotoka mikononi mwa umma tangu Telkom ibinafsishwe. Mamlaka ya Ushindani iliruhusu muungano Desemba 2019 kwa masharti, lakini siku zikasonga, na tarehe 5 Agosti 2020 Telkom ikatangaza kuwa imejiondoa. Miezi minne tu baada ya wenzao wa huku kufunga ndoa.

Je, mlipoteza? Hapo ndipo nataka unisikilize, maana watu wa huku wenye suti wana jibu lao: kampuni ndogo mbili zikiungana zinapata nguvu ya kumkabili mkubwa, bei inashuka. Mimi nauliza kwenu Umoja bei ilishuka lini.

Ilishuka Agosti 2010. Wewe ulikuwa bado na ile simu ya mulika mwizi. Tume ya Mawasiliano ilipunguza ada ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kuupitishia simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Zain, iliyokuwa imenunuliwa na Bharti ya India miezi michache kabla, ikaangusha bei hadi shilingi 3 kwa mitandao yote. Safaricom ikalazimika kufuata. Hakuna harusi iliyofungwa. Mdogo alikuwa na njaa, na refa akasawazisha uwanja. Ni jambo lilelile lililotokea huku mwaka 2013: waliomnufaisha mteja ni walionyimwa ndoa, wakapewa nguvu ya kupigana.

Tofauti ni kwamba T-Mobile iliondoka na dola bilioni 3 na masafa. Telkom iliachwa mikono mitupu.

Kuhusu waliooana, nikuambie nilichokiona. John Legere, aliyekuwa bosi wa T-Mobile, aliahidi kwamba ajira zingeongezeka tangu siku ya kwanza. Juni 2020 mamia ya watu wa Sprint walipoteza kazi. Bei waliahidi haitapanda kwa miaka mitatu. Miaka mitatu ikapita, na mwaka 2024 wateja wa mipango ya zamani wakapandishiwa. Na kuhusu kampuni ya nne, serikali ilisema ndoa isiue ushindani, kwa hiyo kampuni ya Dish ikauziwa Boost, chapa ya Sprint, ili isimame mahali pa Sprint. Agosti 2025 kampuni mama ya Dish ikakubali kuiuzia AT&T masafa yake kwa takriban dola bilioni 23. Nne zikawa tatu kweli, ila kwa kuchelewa. Tuseme haki: mtandao wa T-Mobile sasa una kasi, na masafa ya Sprint ndiyo yaliyoleta hiyo kasi. Sikatai.

Lakini wewe ulishaniambia swali ni M-Pesa. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhamisha namba yake kwenda mtandao mwingine, na karibu hakuna aliyehama, kwa sababu namba ingehama na pochi ya M-Pesa ikabaki Safaricom. Huku tulifungwa na mikataba ya karatasi. Ninyi mmefungwa na rejista ya chama, karo ya shule, kodi ya nyumba na mkopo wa Fuliza. Nani atamwambia mama mboga abadilishe? Kibanda chako chenyewe cha wakala wa M-Pesa ni ushahidi. Hadi Julai 2014 wakala wa M-Pesa alikatazwa kuhudumia mtandao mwingine, mpaka Mamlaka ya Ushindani ilipoamuru mlango ufunguliwe. Ukatundika bango jekundu kando ya lile la kijani, na siku ya kwanza wakaja watu watatu, mmoja wao akiuliza njia ya kwenda stendi. Aprili 2018 ndipo pesa zikaanza kutoka M-Pesa hadi Airtel Money moja kwa moja, bila mpokeaji kuhangaika na namba ya siri ya kutolea. Kwangu mimi hizo siku mbili ni kubwa kuliko ile tarehe 8 Februari ya posa ya Airtel na Telkom.

Mnakumbuka pia kampuni ya simu ya yu, iliyokuja mwisho wa 2008, vijana wa Kayole na Dandora wakaipenda kwa simu za bure? Mwaka 2014 iligawanywa kama mbuzi wa sherehe: Safaricom ikachukua mitambo, Airtel ikachukua wateja. Ushindani haukuongezeka hata kidogo.

Na Telkom? Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, Hazina iliwalipa Helios shilingi bilioni 6.09 kwa asilimia 60 zao. Baadaye Bunge likauliza nani aliidhinisha. Kampuni iliyouzwa kwa jina la wananchi ikanunuliwa tena kwa pesa za wananchi, ikiwa imeshauza minara. Baba angetaka kujua nani alishika kalamu, na kabla ya jibu angeenda kulala bila kula.

Nikirudi kwenye swali lako. Usiitupe. Ile 077 iondoe kwenye simu kama inakubana, uitie kwenye bahasha ya kitambulisho chake, nitaichukua Desemba. Karo ya kijana nitaituma Jumamosi, kwenye Safaricom kama kawaida.

Ndugu yako.